Banda la Gemu: Tulifunge au Tulitumie?

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo pamoja na wazazi, kabla ya mkutano wa kijiji.)



Tumeitwa tuzungumze juu ya jambo lililoleta kelele hapa kijijini. Jambo lenyewe ni lile banda la gemu lililo nyuma ya mashine ya kusaga. Tumeambiwa kwamba katika mkutano wa kijiji ujao litaletwa pendekezo la kulifunga. Wazazi wanasema watoto wanatoroka shule. Mama mmoja alitueleza kwamba alimtuma mwanawe kununua chumvi. Chumvi haikuja, na chenji haikuja. Mwenye banda naye anasema anatafuta riziki kama mwenye duka yeyote, na kodi ya pango analipa.

Sisi hatukuja kuamua. Wenye kuamua ni ninyi. Lakini kazi yetu ni elimu, na mtu hawezi kuamua vizuri juu ya kitu asichokijua. Wengi wenu mnalisikia banda lile kwa makelele tu, ndani hamjaingia. Sisi tuliingia wiki iliyopita. Tulicheza mpira wa kwenye televisheni, tukafungwa mabao 7 na mtoto wa darasa la tano. Hatukulipenda jambo hilo, lakini tulijifunza.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hatuzungumzii zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watu wanaziita dubwi. Dubwi ni kamari. Unaweka pesa, mashine inazungusha, na wewe huna ujuzi wowote utakaokusaidia. Sheria ya nchi yetu inakataza mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwa hiyo mtoto akionekana kwenye dubwi, hapo hakuna mjadala. Gemu ni kitu kingine. Gemu ni mchezo unaochezwa kwenye kioo cha televisheni, kompyuta au simu. Mchezaji anabonyeza vitufe au anagusa kioo, na vilivyomo ndani vinamtii.

Mchezo wenyewe si kitu kigeni kwetu. Tazameni pale chini ya mwembe. Wazee wetu wanacheza bao tangu alasiri mpaka giza linaingia. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari anahesabu kichwani kete zitakakoishia kabla hajazigusa. Wengine walikuwa hodari wa hesabu hizo kabla hawajajua kuandika majina yao. Wapo pia waliochelewa shamba kwa sababu ya bao, tusifichane. Lakini hakuna aliyewahi kuleta pendekezo la kuung'oa mwembe.

Sasa, gemu ina nini hata mtoto aache chumvi? Tuliichunguza tukaona hivi. Gemu inakupa kazi ndogo. Ukishindwa, haikugombezi. Inakwambia jaribu tena. Ukiweza, inakusifu hapo hapo, halafu inakupa kazi kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza. Kazi ikiwa rahisi sana unachoka. Ikiwa ngumu sana unakata tamaa. Mtengenezaji wa gemu ni fundi wa kukuweka katikati.

Hebu kumbukeni siku yenu ya kwanza darasani. Mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, anaitwa ubaoni aandike herufi. Mkono unatetemeka. Akikosea, huko nyuma kuna mtu anacheka. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba wengi walioacha kisomo hawakuacha kwa sababu ya ugumu wa herufi. Waliacha kwa sababu ya aibu.

Tulikuwa na mshiriki mmoja, mama wa makamo, katika darasa letu la kata nyingine. Kwa miezi mitatu hakukubali kwenda ubaoni. Tulimbembeleza mpaka tukachoka. Kisha siku moja aliinuka mwenyewe, akaandika "mbuzi", "mboga", "mbegu", bila kosa. Tulishangaa. Tulipomwuliza, alisema mjukuu wake alikuwa na mchezo wa herufi kwenye simu ya baba yake. Usiku, watoto wakishalala, mama alikuwa anauchukua na kujaribu peke yake. Alisema hivi: "Ile simu nimeikosea mara mia, wala haikunicheka." Na sisi tuliokuwa tukiwaambia washiriki wazime simu darasani tulinyamaza.

YALIYOTOKEA TANGA

Huenda mtasema huyo ni mama mmoja tu, na mtu mmoja si ushahidi. Ni kweli. Basi tuwaeleze habari ya watoto karibu 3,000, tena wa hapa hapa nchini.

Mwaka 2014 shirika moja la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano. Washindani walitakiwa kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Zilijitokeza timu nyingi kutoka nchi mbalimbali. Zikachujwa, zikabaki 5. Kisha ikatafutwa mahali pa kuzijaribu, pakachaguliwa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Serikali yetu ilishirikiana na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika kazi hiyo.

Watoto waligawiwa vishikwambi. Kishikwambi mnakifahamu, ni kile kioo kipana kuliko simu walichokuja nacho makarani wa Sensa ya mwaka 2022, ambacho baadaye kiligawiwa kwa walimu. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, viliwekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Mafunzo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na yalitengenezwa kama michezo. Kuna picha, sauti, nyimbo, na kazi ndogo ndogo za kufaulu au kujaribu tena.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Asilimia 74 walisemekana hawajawahi kwenda shule. Na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Ndiyo kusema katika kila watoto 10, zaidi ya 9 hawakuweza. Jaribio lilianza mwishoni mwa mwaka 2017 likaenda miezi 15. Walipopimwa tena, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mwezi wa Mei mwaka 2019 walitangazwa washindi wawili, wakagawana dola milioni 10. Mmoja ni onebillion, kikundi cha Uingereza. Wa pili ni Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma. Huyu wa pili ndiye tunayetaka mmwangalie. Enuma ilianzishwa na mke na mume kutoka Korea Kusini, Sooinn Lee na Gunho Lee. Kazi yao ya kwanza haikuwa ualimu. Walikuwa watengenezaji wa gemu. Wakapata mtoto aliyezaliwa na matatizo, na wakaona mtoto huyo atapata taabu kujifunza kama wengine. Wakajiuliza: ujuzi wetu wa kumfanya mtu asichoke kucheza, kwa nini tusiutumie kumfanya mtoto asichoke kujifunza? Mchezo waliouanza kwa ajili ya mtoto mmoja ulifika mpaka Tanga.

Tena programu zote 5 zilizofika mwisho ziliachwa huru. Anayetaka anaweza kuzichukua bila malipo, akazigeuza zifae mahali pake. Huko Malawi, katika miaka hii ya 2020, serikali na wafadhili wanapeleka vishikwambi vyenye mafunzo ya onebillion katika shule za msingi.

Lakini ngojeni kidogo. Tumesema idadi ilipungua kwa nusu. Nusu nyingine je? Baada ya miezi 15 walikuwapo bado watoto wengi sana wasioweza kusoma neno. Magazeti mengi yaliandika habari ya ushindi, na habari ya hao waliobaki haikuandikwa sana. Sisi walimu hatuwezi kuwasahau. Mtoto aliyekwama peke yake mbele ya kioo, nani atamshika mkono?

REDIO NAYO ILIKUWA KITU CHA STAREHE

Jibu tunalipata katika historia yetu wenyewe. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya". Sisi hatukuwa tumezaliwa, tumesimuliwa na kusoma. Wakati ule redio ilikuwa kitu cha muziki na salamu. Mtu aliyeshinda sikio kwenye redio alionekana mvivu. Lakini mwaka ule watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, kuhara, minyoo na magonjwa mengine. Baada ya kipindi, watu walichimba vyoo, walifyeka majani kando ya nyumba, walifukia madimbwi.

Je, ni redio iliyochimba vyoo? La. Redio ilisema tu. Kilichochimba ni kikundi. Palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa, palikuwa na kitabu cha kusoma pamoja, palikuwa na mazungumzo, na mwisho palikuwa na jembe. Redio peke yake ingesikika na kusahauliwa kama salamu za wagonjwa.

Hili ndilo tunalotaka mlishike kuhusu gemu. Kazi ya kumfanya mtu ajaribu tena inafanywa na gemu vizuri kuliko mwalimu yeyote, hata sisi tunakiri. Lakini kumwonyesha mtu alichojifunza kinamfaa wapi, gemu haiwezi. Kumtia moyo aliyekwama, haiwezi. Hiyo ni kazi ya jirani.

VITOFALI VYA KIBERA

Tuje kwenye mambo ya watu wazima. Mwaka huu mlikaa kuzungumzia mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Wataalamu walileta ramani, wakaitandika mezani. Kijani ni malisho, njano ni makazi, mistari ni barabara. Tuulizane kwa ukweli: ni wangapi kati yetu walioielewa ramani ile? Tulitikisa vichwa, tukasema sawa. Baadaye ndugu mmoja akagundua kuwa njia ya mifugo imepita kwenye mihogo yake.

Sasa iko gemu moja iitwayo Minecraft. Ilitengenezwa Sweden. Ndani yake kuna nchi nzima ya vitofali. Mchezaji anavunja vitofali na kuvipanga, akajenga nyumba, ukuta, daraja, chochote. Imependwa na watoto wa dunia nzima, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 2.5.

Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yapo Nairobi, lilikubaliana na watengenezaji wa Minecraft kufanya jambo jipya. Walianzia Kibera, Nairobi, kwenye uwanja mmoja wa michezo uliohitaji kutengenezwa. Mahali pale palijengwa ndani ya gemu kwa vitofali, kama palivyo. Kisha watumiaji wa mahali penyewe, hasa vijana, wanakaa vikundi vikundi, kila kikundi na kompyuta yake, na wanapanga. Hapa taa. Hapa miti. Hapa pa kukaa akina mama. Wakimaliza, wanatembea ndani yake kwenye kioo kama vile wanatembea uwanjani, halafu wanawaonyesha wahandisi na viongozi. Njia hii imetumika katika nchi zaidi ya 30, kwa viwanja, bustani na mitaa.

Mtu asiyeweza kusoma ramani anaweza kutembea ndani ya mchezo na kusema: "Hapana, hapa usiku pana giza, binti zetu hawatapita." Hilo ni jambo kubwa. Ramani ya mezani inamfaa aliyesoma, lakini vitofali vinamfaa hata yule aliyeanza kisomo jana. Sisi tunaamini siku itakuja ambapo mpango wa ardhi wa kijiji kama hiki utaletwa kwa njia ya namna hii, kila mtu autembelee kabla ya kupiga kura. Siku hiyo wanaojua kubonyeza vitufe watatakiwa. Na wako wapi? Wako nyuma ya mashine ya kusaga.

Hata wanasayansi wamewahi kuomba msaada kwa wachezaji. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilitoa gemu iitwayo Foldit. Mchezaji anakunja kitu kama kamba mpaka kikae sawasawa. Kamba ile ni mfano wa protini, yaani chembe ndogo mno zinazofanya kazi mwilini na ndani ya virusi. Mwaka 2011 wachezaji wakapewa protini ya kirusi kinacholeta kwa nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Wataalamu walikuwa wameshindwa kujua umbo lake kwa zaidi ya miaka 10. Wachezaji walipata jibu katika wiki 3. Wengi wao hawakuwa wanasayansi.

NA PESA JE?

Najua wapo vijana hapa wanaongoja neno hili tu. Haya.

Mwaka 1972, wakati wazazi wetu hapa wanafundishana kusoma chini ya miti, huko Marekani kampuni ya Atari ilitengeneza gemu iitwayo Pong. Ilikuwa na vijiti viwili na kidoa kimoja kinachopigwa huku na huku kama mpira wa meza. Mashine ya kwanza iliwekwa kwenye baa moja huko California. Baada ya siku chache mwenye baa akaita, mashine imekufa. Fundi alipoifungua, alikuta haijafa. Kisanduku cha sarafu kilikuwa kimejaa pomoni.

Tangu hapo sarafu hazijakoma. Mwaka 2023 gemu ziliingiza zaidi ya dola bilioni 150 duniani. Thamani ya vitu na huduma zote Tanzania ilizozalisha mwaka huo, mazao, dhahabu, utalii na mengineyo, haikufika dola bilioni 100. Sehemu kubwa ya pesa za gemu inakwenda Marekani, China na Japani. Yale mabanda yetu ni kama mifereji midogo. Shilingi 500 ya mtoto inaingia hapa, lakini bwawa liko mbali.

Je, sisi tunaweza kupata kitu? Tusidanganyane. Katika kijiji hiki hatazaliwa tajiri wa gemu kesho asubuhi. Lakini gemu moja haitengenezwi na mtu wa kompyuta peke yake. Anatakiwa mchoraji. Anatakiwa mtunzi wa hadithi. Anatakiwa mpiga muziki, na mtu wa kutoa sauti. Na gemu ya Kiswahili inamtaka mtu anayekijua Kiswahili hasa, si cha kutafsiri neno kwa neno. Zile programu za Tanga zisingefaa kitu kama mtoto angesikia Kiswahili asichokielewa. Hadithi za sungura na fisi mnazo ninyi, vitendawili mnavyo ninyi. Msipovitoa ninyi, atakuja mtu kutoka mbali avichukue, halafu awauzie watoto wenu.

Tuwape habari ya mtu mmoja, maana mfano wake uko karibu. Anaitwa Lual Mayen, mtu wa Sudani Kusini. Wazazi wake walikimbia vita, yeye akazaliwa njiani. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza akamwambia mama yake kuwa anaitaka. Mama hakumcheka. Alidunduliza senti kwa senti kwa miaka 3 mpaka akapata dola 300, akainunua. Kambini umeme hapakuwa. Kijana alikuwa akitembea saa 3 kwenda mahali pa kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu akaiita Salaam. Katika gemu nyingi alizoziona, mchezaji anapiga bunduki. Katika yake, mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia risasi, anatafuta maji, chakula na dawa, mpaka afike penye amani. Mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe kubwa ya gemu huko Marekani, na alianzisha kampuni yake mwenyewe.

Tunawaomba akina mama muikumbuke ile miaka mitatu ya kudunduliza. Hatusemi kila mtoto anunuliwe kompyuta. Tunasema mama yule aliuliza kwanza mtoto anataka kufanyia nini.

HASARA ZIPO

Tusipotaja hasara tutakuwa tunawauzia mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Si kila anayecheza ni mgonjwa. Mgonjwa ni yule asiyeweza kujizuia, anayeiweka gemu mbele ya kula, kulala, shule na ndugu, na anaendelea ingawa anaona anaharibikiwa. China mwaka 2021 iliamuru kampuni za gemu za mtandaoni ziwaruhusu watoto walio chini ya miaka 18 kucheza saa 1 tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hata wao wanaochuma pesa nyingi kwa gemu waliona hatari.

Na kuna ujanja mwingine ambao wazazi hamuujui. Gemu nyingi za kwenye simu zinasema bure. Unapakua bure, unacheza bure. Ukifika mahali patamu, inakwambia ongeza nguvu kwa pesa, nunua upanga, nunua nguo ya mchezaji. Bando linakwisha, vocha inakwisha, na mwenye simu analaumu mtandao. Ule ufundi tuliousifu, wa kumweka mtu katikati asichoke wala asikate tamaa, ndio huo huo unaotumika kumkamua. Panga lililochonga mpini linaweza kukata kidole.

Kwa hiyo banda tulifanye nini? Mwenyekiti ametutaka tutoe maoni yetu bila kuzunguka, tunayatoa. Sisi tungekuwa wanakijiji hapa, tusingelifunga. Ukilifunga leo, watoto watatembea mpaka njia panda kwenye banda ambalo hamlioni wala hamumjui mwenyewe. Tungemwita mwenye banda tukakubaliana saa. Mtoto mwenye sare asiingie, na wakati wa masomo mlango ufungwe kwa watoto. Gemu za kuchinjana na kumwaga damu zisiwekwe kwa wadogo. Dubwi lisikanyage pale hata siku moja, na tumesikia kuna mtu ameshamshawishi aliweke. Hilo msilicheleweshe.

Halafu tungemwomba kitu. Asubuhi banda lile halina kazi. Lina televisheni, lina sola, lina mabenchi. Tulipoongea naye alisema hana kipingamizi likitumiwa na kisomo siku mbili kwa wiki, mradi asilipe yeye gharama ya betri ikiharibika. Tunaona ana haki kusema hivyo. Mwalimu Mkuu naye amekubali kutuazima vishikwambi viwili kwa majaribio, tukivitia programu ya kusoma ya Kiswahili. Vikundi viwe vya watu watano watano, na kila kikundi kiwe na kiongozi aliyehitimu kisomo. Pale kioo kinapomkwamisha mtu, kiongozi yupo. Na anayefunguliwa kioo na kijana wa miaka 12 asione aibu. Kijana huyo naye atahitaji kufundishwa na mtu mzima kuandika barua ya kuomba kazi, maana tumeona mwandiko wao.

Katika kipindi cha maswali, mzee mmoja aliuliza kishikwambi kikipotea nani atalipa. Tulimjibu kwamba hatujui, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyeteuliwa kushika ufunguo wa kabati. Jina hilo litolewe na mkutano, na liandikwe kwenye muhtasari pamoja na namba za vishikwambi vyenyewe. Mama mwingine aliuliza kama mwanawe atarudishiwa pesa ya chumvi. Mwenye banda alikuwapo. Alisimama, akasema atamrudishia.

Majaribio yataanza Jumatano, saa 3 asubuhi, bandani. Wenye miwani waje nayo, na kila kikundi kije na daftari na kalamu.